Mwaka Tuliotaka Kumaliza Ligi Tu

Kocha Kimani tulimzika kwao kule Bahati mwezi uliopita, kwenye kipande cha shamba nyuma ya nyumba ya kaka yake, viatu vikizama kwenye udongo na wale wa kwaya wakiimba polepole hadi nikatamani kuwaambia waharakishe. Tulikuja wanane wa ile timu yetu ya mpira ya Karagita, kule Naivasha, wanawake wa miaka arobaini na kitu, wengine magoti yamekwisha kabisa, tukapewa viti vya mbele kana kwamba tulikuwa watu wa maana. Mchungaji alisoma karatasi aliyoandikiwa. Akafika mahali paliposema kwamba marehemu aliongoza timu ya wanawake wa mashamba ya maua msimu mzima, katika hali ngumu, bila timu kufukuzwa kwenye ligi, na watu wakapiga makofi. Mimi ndimi niliyekuwa kepteni wa timu hiyo. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Baadaye, nikiwa na sahani ya wali na njahi mapajani, Atieno, aliyekuwa kipa wetu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na Nafula? Hukumpata kwa simu?" Nikamwambia simu yake haipiti. Ulikuwa uongo, maana sijawahi kuwa na namba ya Nafula tangu mwaka ule. Katika jambo hili moja nimekuwa mwongo hodari sana, na naandika sura hii kwa sababu nimechoka nalo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na kazi yangu ilikuwa kufunga maua. Watu wakisikia maua hufikiri kazi ni tamu. Ukumbi wa kupakia ulikuwa baridi kama ndani ya friji, maana waridi halitaki joto, kwa hiyo tulivaa sweta mbili ndani ya dasti-koti na bado vidole vilikufa ganzi kufikia saa nne. Kila mmoja wetu alikuwa na namba kifuani. Yangu ilikuwa mia mbili na kumi, na msimamizi wetu, mama mmoja mnene aliyependa sana kutazama saa yake, hakuwahi kuniita kwa jina lolote lingine. "Mia mbili na kumi, unalala?" Nilikuwa nikirudi Karagita jioni, kwenye chumba changu kimoja cha mabati chenye pazia la maua kati ya kitanda na jiko, nikasikia majirani wa pande zote mbili wakigombana kuhusu chumvi, na nikahisi kwamba ningeweza kufa pale na kesho yake namba ipewe mtu mwingine. Jumapili peke yake ndiyo iliyoniokoa. Jumapili saa nane, kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya ploti tulizopanga, vumbi lake jeupe likikufikia hadi kwenye meno na punda wa maji wakikatiza katikati ya mchezo wapendavyo, mtu alikuwa akisimama akipaza sauti, "Wangeci! Rudi nyuma, Wangeci!" Nilikuwa beki. Sikuwa beki mzuri. Lakini nilikuwa Wangeci.

Niseme wazi kwamba timu yetu ilikuwa mbovu. Tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa na wasichana wa Gilgil ambao walikuja na viatu vya raba, tukafungwa nyumbani na timu iliyosahau jezi ikacheza na blauzi. Kocha Kimani, ambaye siku za kazi alikuwa akinyunyiza dawa kwenye shamba jirani na alikuwa na kikohozi kisichokwisha, hakuwahi kututajia kombe. Alitutajia kumaliza. "Mtu yeyote anaweza kuanza ligi," alikuwa akisema, "mimi nataka wenye watamaliza." Hilo likawa ndilo jambo letu. Ukimaliza msimu, hata kama ni wa mwisho, mwaka unaofuata unaitwa tena. Lakini ukikosa kutokea uwanjani mara tatu, unafutwa, na mechi zako zote zinafutwa pamoja nawe, kana kwamba hukuwahi kuvaa jezi. Kufikia mechi mbili za mwisho tulikuwa tumekosa kutokea mara mbili, na zote mbili ni kwa sababu shamba lilitangaza kazi ya Jumapili tukiwa tumeshajipanga kusafiri. Maua hayajui ligi.

Nafula ndiye peke yake aliyejua mpira. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mdomo, mvunaji kwenye grinhausi za shamba lile lile nililofanyia kazi. Aliishi mlango wa tatu kutoka kwangu na dada yake mdogo. Alikuwa na tabia ya kuingia chumbani kwangu bila kubisha, akafunua sufuria, akasema, "Tena sukuma? Wangeci, wewe ni mbuzi?" kisha akaketi na kuila yote. Nilimpenda. Sisemi hivyo kujipamba, nasema ili ijulikane. Kwa mwanamke aliyezoea kula peke yake, mtu wa kukuibia chakula ni baraka kubwa. Uwanjani alibishana na marefa mpaka wakachoka, na wiki mbili kabla ya msimu kuisha alipata kadi ya njano ya mwisho aliyoruhusiwa. Mechi moja nje. Mechi hiyo ilikuwa ile ya ugenini, kule Bahati.

Jumamosi jioni, jua halijazama, tulikutana chumbani kwa Atieno kula ugali na omena. Tulikuwa tisa tumebanana kitandani na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Shamba lilikuwa limetangaza kazi ya Jumapili kwa ukumbi mzima wa kupakia, kwa sababu kule ng'ambo sikukuu ya akina mama ilikuwa inakaribia na kila mama huko alikuwa lazima apate waridi. Kanuni ilitaka angalau wachezaji saba. Kocha alihesabu kwa vidole akasimama kwenye sita. Akahesabu tena. Nakumbuka harufu ya omena na jiko likitoa moshi, na Atieno akisonga ugali kwa nguvu kana kwamba umemkosea. Kila mmoja wetu alijua kwamba kutotokea Bahati ni mara ya tatu.

Mimi ndimi niliyesema. Ningependa kusema ni kocha, sasa hayupo na hawezi kukana, lakini ni mimi. Kila mchezaji alikuwa na kadi ya ligi yenye jina na picha ndogo, na kabla ya mechi refa alitupanga mstari akaita majina, kila mtu akaitika. Picha zetu zote zilikuwa zimepigwa na kijana mmoja wa stesheni ambaye kamera yake ilitufanya sote tufanane na watu waliofufuliwa. Timu nyingi zilikuwa zikiazimana kadi, na refa wa kesho yake hakuwahi kutuchezesha. Nikatoa kadi yangu kwenye sidiria nikampa Nafula.

"Kesho wewe ni mimi," nikamwambia.

Nafula aliangalia picha akacheka mpaka akakohoa. "Aki huyu ni nani? Mimi nikiwa na sura kama hii nitazuiwa hata kanisani."

"Akiita jina, we itika tu," Kocha Kimani akasema. Alikuwa hacheki. "Usibishane na refa. Nafula, nasema na wewe. Kesho huna mdomo."

"Kesho mimi ni Wangeci," Nafula akasema. "Wangeci hana mdomo hata siku za kawaida."

Wote tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Siku ya mechi nilifunga waridi jekundu kuanzia saa moja asubuhi. Saa tisa alasiri nilikuwa nikiwaza kwamba sasa wameingia nusu ya pili, sasa Atieno amefungwa la tatu. Walifungwa matatu kwa moja kweli, na lile moja alilifunga Nafula, na kwenye karatasi ya refa mpaka leo limeandikwa Wangeci. Ndilo bao langu la pekee katika maisha. Dakika chache kabla ya mwisho, beki wa Bahati aliruka akamkanyaga Nafula mguu, na Atieno, aliyekuwa golini mbali kule upande wa pili, alisema aliusikia mfupa. Refa aliandika ripoti pale pale na kujaza fomu ya majeruhi ya kwenda nayo hospitali. Aliandika jina lililokuwa kwenye kadi. Kocha Kimani alisimama akiangalia ile kalamu ikiandika, na hakusema kitu, na wasichana hawakusema kitu, na Nafula mwenyewe, akiwa amelala kwenye nyasi akiuma mkono wa jezi, hakusema kitu. Alikuwa ameambiwa hana mdomo.

Dada yake aliambiwa tu kwamba yuko hospitali, hakuna aliyemwambia kwa jina gani, akamtafuta Jumapili ile jioni na Jumatatu kutwa. Alienda hospitalini akauliza Nafula, wakamwambia hakuna Nafula. Akalia kwenye benchi la nje saa mbili nzima akidhani dada yake amekufa njiani. Nilimkuta hapo Jumatatu nilipotoka kazini, nikamwingiza wodini mwenyewe. Nesi mmoja alikuja na sinia ya dawa akaita jina langu, lote kamili, na kutoka kitanda cha dirishani Nafula akaitika. Aliitika vizuri, kwa adabu. Kisha akaniona mlangoni na uso wake ukafanya kitu ambacho nimeshindwa kukieleza miaka yote hii. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaona aibu, kana kwamba nimemfumania amevaa nguo yangu.

Walimruhusu Jumatano na plasta hadi juu ya goti, pamoja na karatasi ya ugonjwa ya wiki sita. Karatasi ilisema Wangeci. Nilikuwa mgonjwa kwa maandishi huku nikiwa nimesimama kwenye ukumbi wa kupakia, na Nafula, aliyelala na mguu wa simiti, alikuwa mtoro wa kazi. Nilienda ofisi ya wafanyakazi kumwombea. Karani, kijana mpole, alinisikiliza. Akasema kandarasi za wavunaji zinafanywa upya wiki hiyo. Akasema bila karatasi yenye jina lake mwenyewe, mwisho Ijumaa saa za kufunga ofisi, Nafula atahesabiwa ameacha kazi na hatachukuliwa tena. Kubadilisha jina hospitali kuliwezekana. Nilikuwa nimeshauliza kule; walitaka barua ya yule aliyejaza fomu, na aliyejaza fomu ni refa. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa rahisi kabisa. Ilikuwa ni mimi kwenda kwa refa kabla ya Ijumaa na kumwambia kwamba mtu aliyeumia Bahati hakuwa mimi. Angeandika barua. Kisha angepeleka ripoti, na timu ingefutwa kwa udanganyifu siku tatu kabla ya mechi ya mwisho.

Nilimweleza kocha jioni hiyo kando ya uwanja. Alikaa chini kwenye jiwe akakohoa kwa muda.

"Jumatatu," akasema. "Tucheze Jumapili, halafu Jumatatu mimi mwenyewe naenda kwa refa. Nitasema yote. Watufute tukiwa tumemaliza."

"Ofisi imesema Ijumaa, kocha."

"Hao husema Ijumaa. Hawa watu wa ofisi nawajua. Jumatatu watamsikiza."

"Na wakikataa?"

Alikuwa akiwatazama wasichana wakikimbia kuuzunguka uwanja, sita, saba, wanane, wote walikuwa wamekuja. Wiki hiyo hakuna aliyekosa mazoezi. Wengine walikuwa wametoka zamu ya alfajiri. Akasema, "Wewe ndio kepteni, Wangeci. Mimi sikuzuii," na hapo ndipo nilipojua kwamba ameniachia mzigo wote, na nilimchukia kidogo, na hata siku ya kumzika nilijikuta bado namchukia kidogo.

Alhamisi niliomba ruhusa ya kutoka mapema. Refa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Naivasha mjini. Nilimwona kutoka barabarani, mtu mfupi mwenye penseli sikioni, akimpimia mteja mabati. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Aliniangalia akauliza, "Mathe, nikusaidie?" Hakunitambua, na angenitambuaje? Wangeci anayemjua yeye ni mrefu na ana mguu uliovunjika. Nikafungua mdomo. Nikanunua misumari nusu kilo. Nilirudi Karagita nimeishika kwenye karatasi ya gazeti, mwanamke ambaye hakuwa na mbao wala nyundo.

Usiku haujaingia nilipomtembelea Nafula. Chumba chao kilikuwa na joto, mguu umewekwa juu ya jeri-kani, na kwenye chupa ya soda mtu alikuwa amemwekea mawaridi matatu, yale yanayotupwa kwa kuwa shingo imepinda. Dada yake alitupatia chai na viazi vitamu. Nafula hakufunua sufuria ya mtu wala kutania. Aliuliza tu, "Refa amesema nini?"

"Sijampata. Nampata kesho."

"Kesho ni Ijumaa."

"Najua. Nitaomba ruhusa tena asubuhi. Nitakuletea barua mwenyewe, kabla wafunge."

Aliniangalia sana. Dada yake alikuwa ameacha kumenya viazi. "Wangeci," Nafula akasema, "mimi mpira sitacheza tena. Daktari ameniambia. Kazi ndio nimebaki nayo. Nisikudanganye, naogopa." Nilimshika mkono nikamwambia asiogope. Nilisema, "Mimi ni dada yako pia." Haya maneno niliyasema kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba mtu anaweza kusema jambo kwa moyo wote na asilifanye.

Ijumaa sikuomba ruhusa. Nilijiambia msimamizi atakataa, nikajiambia kocha anawajua watu wa ofisi, nikajiambia mambo mengi huku nikihesabu mashina kumi kumi. Saa kumi na moja tulitoka, nikaenda mazoezi.

Jumapili tulicheza na timu ya Njoro. Tulikuwa kumi na mmoja kamili kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, tukafungwa manne bila. Filimbi ilipolia watu wa Njoro walitushangaa, kwa sababu sisi tuliofungwa ndio tulikuwa tukirukaruka na kukumbatiana, Atieno amebeba kocha mgongoni, vumbi limetupaka nyuso zote. Tulikuwa tumemaliza. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ndani yangu kulikuwa na shimo ambalo hakuna kelele iliyolijaza, lakini nilipiga vigelegele, sitadanganya hapo.

Jumatatu asubuhi nilipita ofisini kwanza, kabla kocha hajaenda popote. Yule karani mpole alifungua faili akanionyesha. Jina la Nafula lilikuwa limepigwa mstari Ijumaa jioni, na laini yake ya maua kwenye grinhausi alikuwa amepewa mtu mwingine Jumamosi. Akasema hata nikileta barua sasa, haina mahali pa kwenda. Nilimweleza kocha, na kocha hakwenda kwa refa, nami sikumwambia aende. Tulijiambia kwamba kusema sasa kungemwangamiza kila mtu bila kumsaidia yeyote. Ndiyo sababu hatukufukuzwa. Ndiyo hayo mchungaji aliyosoma na watu wakapiga makofi.

Jumanne mchana nilimkuta Nafula akihama. Shemeji yake alikuwa amekuja kutoka Bungoma, godoro limeshakunjwa na kufungwa kamba, sufuria ziko kwenye gunia. Nafula alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, mguu umenyooshwa juani, akielekeza watu vitu vya kubeba. Nilichuchumaa kando yake. Nilianza kueleza habari za msimamizi, habari za ruhusa, nikasikia sauti yangu ikiwa nyembamba.

"Wacha tu," akasema. "Imeisha."

Shemeji yake alipita na jiko. Nafula akangoja apite.

"Ijumaa nilikuja pale geti," akasema. "Boda alinileta saa nane. Nilijua ukipata barua utakuja mbio na dakika zimeisha, sasa nikaona afadhali nikungoje hapo karibu na ofisi, nisikusumbue kutembea. Soja wa geti akaniletea jiwe nikae. Nikamwambia kepteni wangu anakuja." Alifuta vumbi kwenye plasta kwa kidole. "Mkatoka saa kumi na moja, wengi, mkiwa mmejazana vile. Nikakuona uko upande ule wa mbali na wale wasichana wa kupakia. Nikainua mkono. Hukuniona, sivyo?"

Aliniuliza taratibu, akinitazama machoni, na nadhani alikuwa tayari kukubali jibu lolote ambalo ningempa.

"Sikukuona," nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia dada, Wangeci hakuniona."

Nilimsaidia kusimama, nikambebea begi mpaka barabarani, nikasimama hapo gari lilipoondoka. Miaka kumi na sita imepita na sijamwambia mtu, si Atieno, si kocha mpaka akaingia kaburini. Nilimwona Nafula tangu nikiwa mlangoni mwa ukumbi. Niliuona mguu wake mweupe wa plasta, nilimwona akiinua mkono, na nikamwambia msichana aliyekuwa kando yangu tubadilishane upande, apite yeye karibu na geti.